Haki Isigeuzwe Sadaka

Kitenzi "kuomba" kina sura mbili: huomba anayewasilisha haja yake ofisini, na huomba pia anayenyoosha mkono barabarani. Katika vyuo vingi nchini Kenya, mwanafunzi asiyeona hulazimika kuvaa sura hii ya pili. Kila muhula hubisha mlango huu na ule akitafuta riwaya teule kwa maandishi ya Breli na muda wa ziada katika mtihani, naye hujibiwa, "Tutaona." Ilhali Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kutumia Breli na kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake.

Yamkini wapo watakaodai kuwa bajeti ni finyu. Hoja hiyo ina mashiko. Hata hivyo, kutoa orodha ya vitabu mapema hakugharimu chochote. Riwaya moja huzaa juzuu kadhaa za Breli, kazi isiyokamilika kwa usiku mmoja. Idara za Kiswahili na zianzie hapo: mahitaji yasajiliwe mara moja tu, mwanafunzi anapojiunga na chuo, na vitabu teule vitangazwe wakati wa likizo. Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.