Tumechoka na "Utangulizi wa..."!

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimeacha kuandika. La hasha! Nilikuwa nimejitolea kusoma mapendekezo ya mada kwa ajili ya kongamano moja la watengenezaji programu hapa Nairobi (jina nitaliacha, sikuja kugombana na mtu). Kazi yenyewe haina malipo. Unapewa rundo la mihtasari, majina ya waandishi yamefichwa, unasoma mmoja baada ya mwingine na kutoa alama. Niliifanya usiku hapa Umoja stima ikiwepo, na ikipotea naendelea kwenye simu. Sasa nimemaliza, na nina neno.

Tunatuma mada zisizo zetu.

Utangulizi wa Docker. Utangulizi wa React. Utangulizi wa akili bandia. Faida na hasara za blokcheni. "Kwa nini unapaswa kujifunza Python." Nilisoma nyingi mno za namna hii, mpaka ikafika wakati nikawa najua sentensi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 mambo yamekuwa mabaya zaidi, kwa sababu mtu anaiambia mashine imwandikie muhtasari kuhusu kontena, nayo inamwandikia ule ule iliomwandikia jirani yake. Kiingereza safi, koma zimekaa mahali pake, na ndani hakuna mtu! Huwezi kujua kama aliyeandika anaishi Donholm au Denver.

Hebu tupige hesabu ndogo. Ukumbi una watu 80, mada ni ya nusu saa. Hizo ni saa 40 za watu, yaani wiki nzima ya kazi ya mtu mmoja. Na wewe unazitumia kuwasomea kurasa za mwanzo za mwongozo ambao waliotengeneza chombo hicho wameshauandika vizuri, wakauweka kwenye intaneti bure. Kwa haki gani?

Najua nitajibiwa nini, maana nimeshajibiwa. Eti wanaoanza nao wanahitaji kufundishwa. Sawa, wafundishwe! Lakini kijana wa Kayole anayeanza leo ana mafunzo ya video kuliko anavyoweza kuyamaliza mpaka azeeke. Asichokuwa nacho ni mtu aliyefanya kazi katika hali kama yake, mwenye wateja kama atakaowapata yeye, anayemwambia: tulijaribu hivi, ikakataa, sababu ilikuwa hii. Hilo halimo kwenye mwongozo wowote. Limo kichwani mwako, nawe umeliacha nyumbani ukaja na Docker.

Ngoja niwape mfano, kwa sababu nikisema hivi hewani mtadhani natoa mahubiri.

Nina mshkaji wangu Kayole, anatengeneza mifumo ya shule ndogo za binafsi za huku kwetu Eastlands. Karo, matokeo, ujumbe mfupi kwa wazazi. Siku moja mwenye shule alimlalamikia kwamba salio la ujumbe linaisha haraka kuliko idadi ya wazazi. Alitafuta tatizo kwa siku kadhaa. Idadi ya wazazi ilikuwa sawa. Ujumbe ulikuwa mmoja kwa kila mzazi. Mwishowe akagundua kwamba walioharibu hesabu walikuwa akina Ng'ang'a.

Msicheke! Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160 ukitumia alfabeti ya kawaida ya GSM. Alfabeti hiyo ina ile alama ya ng' ikiwa imenyooka, kama inavyotoka kwenye kibodi ya kompyuta. Lakini haina ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia na simu nyingi hupenda kuiweka zenyewe ili maandishi yapendeze. Ikiingia moja tu iliyopinda, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine wa herufi ambao nafasi yake ni 70 badala ya 160. Ujumbe ukizidi hapo unakatwa vipande, na kila kipande kinabeba 67 tu, maana nafasi nyingine inaliwa na maelezo ya kuunganisha vipande. Kwa hiyo ujumbe wa herufi 150 uliopaswa kulipiwa mara moja unalipiwa mara tatu. Majina ya wanafunzi yalikuwa yamenakiliwa kutoka kwenye hati ya mwalimu. Kila Ng'ang'a, kila Nyong'o, kila Wang'ombe aliyekuja na alama iliyopinda alitozwa mara tatu. Na mtoto wa Otieno mara moja!

Akairekebisha kwa mistari michache: kabla ya kutuma, kila alama iliyopinda inanyooshwa, kisha programu inahesabu vipande na kumwonyesha mwenye shule gharama kabla hajabonyeza. Humo njiani akajifunza pia kwamba mabano ya mraba na alama ya Yuro huhesabiwa kama herufi mbili, hata ukiwa kwenye ile alfabeti ya kawaida.

Wadau, niambieni, hiyo si mada? Ina lugha yetu ndani yake, ina pesa ya mtu, ina fumbo, ina jibu ambalo msikilizaji anaweza kwenda nalo kazini Jumatatu asubuhi. Mtu wa Kampala ataihitaji. Mfaransa mwenye lahaja za herufi zake ataihitaji. Nilimwambia aitume. Akanijibu, "Buda, hiyo si mada. Hiyo ni kazi tu."

Hiyo ni kazi tu! Nilishindwa kulala kwa sababu ya sentensi hiyo. Dirisha la kutuma lilifungwa Jumapili usiku naye hakutuma kitu. Ratiba ilipotoka, nafasi ya kuzungumzia "mawasiliano ya simu katika masoko ya Afrika" ilikuwa imepewa mgeni ambaye, kwa muhtasari wake mwenyewe, alikuwa amekaa Kenya majuma machache. Simlaumu. Alituma. Alieleza alichokiona kwa macho yake, na kwenye rundo lile jambo hilo pekee lilimpandisha juu. Lakini kesho mwenye kampuni akitafuta mtu anayejua ujumbe mfupi, atampigia nani? Atampigia aliyesimama mbele. Mshkaji wangu ataendelea kunyoosha alama Kayole kwa bei ya jioni moja.

Kuna wanaodhani kwamba jambo la mtaani haliwezi kusimama mbele ya ulimwengu mpaka lifanywe la kizungu kidogo. Tuangalie basi yaliyotokea. Juni 2007 mkutano wa TEDGlobal ulifanyika Arusha, hapo tu ng'ambo ya Namanga. Alipandishwa jukwaani kijana wa Malawi, William Kamkwamba, umri wake miaka 19, Kiingereza chake cha kusitasita, akazungumza kwa dakika chache tu. Hakutoa utangulizi wa nishati ya upepo. Alieleza kinu alichokijenga kijijini kwao kwa vipande vya baiskeli na vyuma chakavu baada ya kukosa karo ya shule. Waliokuwa na slaidi za kumeremeta siku ile wengi tumewasahau. Yeye dunia nzima inamjua.

Au tuje karibu zaidi, kwenye mathree zetu. Kuna muundo wa data unaoitwa GTFS, unaotumika kueleza njia za mabasi ili ramani za simu ziweze kukuambia upande lipi. Ulianza 2005 kwa ushirikiano wa Google na shirika la usafiri la TriMet la mji wa Portland, Marekani, ambako basi lina ratiba na kituo kina kibao. Sasa ulete huku Jogoo Road! Ratiba ya mathree ni kujaa. Kituo ni pale watu walipozoea kusimama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa MIT, Chuo Kikuu cha Columbia na Groupshot, wakafanya mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda magari na simu mkononi wakirekodi njia na vituo, na mwanzoni mwa 2014 wakatoa ramani na data ya njia zaidi ya 130, bure kwa yeyote. Ilibidi waunyumbulishe muundo wenyewe, kwa kuwa haukuwa umefikiria usafiri usio na ratiba. Miji mingine yenye magari kama yetu ikaja kujifunza. Hapo Nairobi haikwenda kuomba kufundishwa GTFS. Ilikwenda kusema GTFS imepungukiwa na nini.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia.

Nisiwape waandaaji nafasi ya kupumua, nao wana lao. Fomu nyingi nilizoziona zinaanza kwa kuuliza wewe ni nani: cheo, kampuni, umewahi kuzungumza wapi, viungo vya video zako. Mtu ambaye hajawahi kuzungumza popote anafika hapo anafunga ukurasa. Majina yanafichwa kwa wasomaji kama mimi, ni kweli, lakini yeye hajui hilo, hakuna mahali palipoandikwa. Waambieni! Tena waambieni mapema nani analipa nauli na malazi. Yapo makongamano ambayo hata mtoa mada hununua kiingilio, na ukimya juu ya jambo hilo unawachuja watu kabla sisi hatujasoma neno. Na lugha je? Sijaona sababu hata moja ya kongamano la Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar kukataa mada kwa Kiswahili wakati ukumbini wote wakitoka nje kwa chai wanaongea Kiswahili. Mkiweka chumba kimoja tu kwa siku moja mtaona watakaojitokeza. (Bei ya chai yenyewe tutaizungumzia siku nyingine, leo nina hasira za kutosha.)

Lakini waandaaji hawatakuandikia muhtasari. Kwa hiyo, mwenzangu, ukikaa kuandika, funga kwanza hiyo orodha ya vyombo vinavyovuma. Fikiria jambo la mwisho lililokukesha. Labda ni taarifa ya malipo ya simu iliyoingia mara mbili, mteja mmoja akaonekana amelipa kodi ya miezi miwili. Labda ni menyu ya USSD ambayo maneno yake ya Kiswahili yalikuwa marefu kuliko nafasi ya herufi 182 ikabidi ukate, na ulichokata ndicho mama mboga alichokuwa anakihitaji. Labda ni tokeni ya stima ya tarakimu 20 ambayo watu walikuwa wanaikosea mpaka ulipoitenganisha nne nne. Andika tatizo katika sentensi mbili, kama unavyomweleza mtu uliyekaa naye kiti kimoja kwenye gari. Kisha sema ulichojaribu kwanza na kwa nini kilishindwa. Hapo usione haya, wasomaji tunapapenda hapo kuliko pengine popote! Kisha sema kilichofanya kazi na umekipima vipi. Ukiwa na tarakimu moja ya kweli, hata ndogo, iweke. "Gharama ilishuka kutoka vipande vitatu hadi kimoja" inashinda ukurasa mzima wa "suluhisho la kisasa lenye ufanisi".

Kichwa cha mada kiwe wazi. Mimi ningempa mshkaji wangu hiki: "Namna Ng'ang'a alivyotulipisha mara tatu." Nani hatoingia chumba hicho?

Kama kazi ni ya mwajiri, muulize kabla, na uondoe jina la mteja na data zake zote. Wengi hukubali ukiwaonyesha muhtasari. Umbali nao usiwe kisingizio, maana milango imesogea: DjangoCon Africa ilifanyika Zanzibar Novemba 2023 na Arusha Agosti 2025, na Arusha unakwenda kwa basi asubuhi ukafika mchana. Makongamano mengi ya jamii ya Python hutenga fungu la kusaidia nauli, ila fungu hilo huombwa kwa fomu yake na tarehe yake, na watu huikosa kwa kutosoma mpaka chini.

Mshkaji wangu bado hajakubali. Juzi nilimkuta ameandika nusu ukurasa, na neno la kwanza kabisa lilikuwa... "Utangulizi"! Nimelifuta mwenyewe mbele yake. Jumamosi hii saa tisa mchana tutakuwa Umoja, pale kwenye saiba karibu na soko, tukimalizia yake. Mwenye rasimu aje nayo, ikiwa kwenye karatasi au kwenye simu. Mwenye "Utangulizi wa Kubernetes" pia aje, tutaongea naye polepole.