TAHARIRI: DAWA INAYOUA SAMAKI IKO MGONGONI MWETU



Wakati wa kupiga dawa mahindi ukifika hapa Moi's Bridge, kila jioni utawaona wenzetu wakishuka mto Nzoia na pampu mgongoni. Huyu anasuuza pampu, yule ananawa mikono, na mbele kidogo mama anachota maji ya kupikia. Samaki wakionekana wanaelea tumbo juu, watu husema ni mvua, wakaenda zao. Leo twataka kusema jambo hili waziwazi, maana samaki yule anatuletea habari za miili yetu wenyewe.

Tangu viwavi jeshi wageni walipoingia nchini mwaka 2017, kazi ya kupiga dawa imezidi. Dawa moja inayotumiwa sana ni ile iitwayo sipamethrini. Gramu moja tu ya sumu yake halisi, ikichanganyika na lita laki moja za maji, yatosha kuua samaki wengi kwa siku chache.

Yafaa kila mtu ajue njia mojawapo inavyomdhuru samaki. Samaki hupumua kwa mashavu yake, yale mekundu tunayoyatoa tukimpasua. Ngozi ya pale ni nyembamba sana. Sumu ikiigusa, huvimba na kushikana, na samaki hukosa pumzi hali yumo majini. Kisha damu huipeleka sumu kwenye ini na figo, ambazo kazi yake ni kusafisha mwili. Zikielemewa, nazo huharibika. Samaki asiyekufa siku hiyo hubaki dhaifu, asikue wala asizae vizuri.

Zipo dawa nyingine, za jamii ya oganofosfeti, ambazo hushika mishipa ya fahamu. Katika mwili mna kitu kinachozima amri baada ya msuli kuipokea. Dawa hizi hukiharibu kitu hicho, amri isizimike. Samaki hutetemeka, huogelea upande upande, hufa.

Sasa sikilizeni, ndugu. Kitu hicho hicho kimo mwilini mwa mtu. Sisi hatuna mashavu ya samaki, lakini tuna ngozi na mapafu. Mpiga dawa akirudi na kichwa kinamwuma, mate na machozi yanamtoka, mikono inatetemeka na anatapika, asidhani ni malaria tu. Apelekwe hospitali upesi, na kibandiko cha chupa ya dawa kipelekwe pamoja naye.

Maji ya Nzoia yanakwenda Ziwa Victoria. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilikataza samaki wa ziwa hilo kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hofu kwamba wengine walivuliwa kwa kumwaga dawa za wadudu majini. Kosa lile halikutoka shambani. Hata hivyo viwanda vilikosa soko, na hasara ikawafikia wafanya kazi ambao hawakumwaga hata tone moja.

Basi, tudai nini? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimisha mwajiri kumpa mfanya kazi anayeshika vitu vya hatari mavazi ya kumkinga yanayofaa. Kwa hiyo twadai:

Kwanza, glavu, gambuti, ovaroli na kifuniko cha pua na mdomo kwa kila mpiga dawa, bila kukatwa mshahara.

Pili, tangi la maji na sabuni huko huko shambani, mbali na mto. Mtu akinyimwa maji ya kunawa, atakwenda mtoni tu.

Tatu, kila mpiga dawa aelezwe kwa lugha anayoielewa maneno yaliyoandikwa kwenye chupa.

Lakini tusiwalaumu waajiri peke yao. Mkono unaosuuza pampu mtoni ni wetu. Chupa tupu tunayoichukua nyumbani kuwekea maziwa au mafuta, hakuna mwajiri aliyetutuma. Tukiacha mambo hayo leo, kesho tutakaa mezani na mwajiri tukiwa na mikono safi, naye hatakuwa na neno la kutujibu.

Kila mwanachama aliyepewa pampu bila glavu alete habari kwa mwakilishi wake juma hili hili. Mtu mmoja akilalamika huambiwa aende zake. Wakilalamika shamba zima, husikilizwa.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI