Ushahidi Unaouzwa

Ewe msomaji mpenzi, umepata kukaa karibu na kijana wa siku hizi ambaye kazi yake ni kutangaza bidhaa katika mitandao ya kijamii? Kama hujapata, njoo tumtazame. Si mhuni, wala si mvivu. Ni mtoto wetu, amesoma, na pengine ujira wake ndio unaomlipia mama yake kodi ya chumba.

Alfajiri, muadhini hajamaliza adhana, mkono wake umekwisha kuishika simu. Hatazami saa, anatazama hesabu. Picha ya jana ya mafuta ya kupaka imependwa na watu wangapi? Wakiwa wengi, siku yake ni njema. Wakiwa wachache, chai haipiti kooni. Saa tatu yuko Kariakoo akipiga picha madera na viatu. Adhuhuri anawajibu wanaouliza bei, hali bei imeandikwa. Usiku ndugu zake wamezunguka sinia. Yeye yupo, lakini hayupo. Na bando likimwishia, huhangaika kama aliyekatiwa pumzi.

Je, anamtumikia nani? Atakwambia: mwenye duka. Lakini kampuni ya Meta, yenye Facebook na Instagram, mwaka 2023 iliingiza karibu dola bilioni 135, na takriban dola 98 katika kila 100 zilitoka katika matangazo. Basi kinachouzwa humo ni macho ya watazamaji, na macho ya kijana wetu yamo sokoni pamoja na ya wengine. Anadhani anavua, kumbe naye amo wavuni.

Huu ni uchovu, na uchovu una dawa yake. Ubaya mkubwa uko penginepo.

Kutangaza biashara si kosa. Mpiga debe wa stendi twamjua sote. Analipwa na konda, kila mtu ajua kuwa analipwa, na kelele zake hazimdanganyi mtu mzima. Lakini stendi hiyo hiyo ina mtu mwingine, mkimya, naye ndiye wa hatari. Hukaa ndani ya gari, mfuko mapajani, akijifanya msafiri. Wewe wachungulia, waona gari limekaribia kujaa, wapanda na kulipa nauli. Kisha wenzako wanashuka mmoja mmoja, na wewe wabaki nusu ya siku ukingoja abiria wa kweli. Mtu yule hakusema neno, lakini amekudanganya kwa kule kukaa kwake tu.

Abiria huyo wa bandia ndiye aliyejaa mitandaoni leo. Ukurasa una wafuasi elfu hamsini, kumbe wamenunuliwa kwa fedha. Chini ya picha mtu ameandika, "Nimepaka wiki moja, madoa yote yamekwisha," kumbe ameandika kijana wetu mwenyewe kwa jina la uongo. Mtu mashuhuri aonyesha kopo la mafuta na kusema hayo ndiyo apakayo nyumbani, wala hasemi kuwa amelipwa. Msomaji, tuliite jambo hili kwa jina lake: ni ushahidi wa uongo.

Usidhani madhara yake ni madogo. Katika baadhi ya mafuta ya kung'arisha ngozi imekutwa zebaki, na zebaki hudhuru figo. Msichana aliyeamini sifa za kununua hakupoteza fedha tu. Aweza kupoteza afya yake. Tazama pia mwaka 2017, watu mashuhuri wa Marekani walipolipwa kulisifu tamasha la Fyre katika visiwa vya Bahama. Waliouziwa tiketi walitarajia majumba ya fahari; wakakuta mahema na mkate wenye jibini. Mwandaaji wake, Billy McFarland, alihukumiwa mwaka 2018 kifungo cha miaka 6. Waliosifu kwa malipo hawakufungwa. Mwaka 2024 Marekani, kwao mitandao hiyo, ilitunga kanuni ya kupiga marufuku maoni ya uongo na biashara ya wafuasi bandia. Wao wameona haya. Sisi bado twauita ujanja wa mjini!

Kijana atajitetea: "Wote wanafanya hivi. Nikiacha, sitauza." La hasha! Huo ndio moto utakaokuunguza. Magari yote ya stendi yakijaa abiria wa bandia, msafiri hataamini gari lolote. Na wa kwanza kuumia ni yule mama anayekamua mafuta ya nazi safi kwa mikono yake, wala hana fedha ya kununua mashahidi. Wazee walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo kibaya hakijitembezi tena. Kimekodi umati wa kukisindikiza.

Basi, ewe kijana, usisifu usichokitumia. Ukilipwa, sema umelipwa. Usinunue mfuasi hata mmoja. Afadhali watu thelathini wanaokuamini. Nawe mwenye duka, usimwagize mtoto wa mwenzio kusema uongo kisha ukajitoa ukisema hukujua. Wewe ndiwe uliyempangia idadi ya wafuasi, na wewe ndiwe uliyetishia kumfukuza asipoifikisha.

Na wewe msomaji, usidhani umetoka salama. Soko hili lingekufa kama tusingekuwa watu wa kuhesabu vichwa. Kabla hujatoa fedha yako, usiulize wangapi wamependa. Uliza nani amekitumia, yuko wapi, na amelipwa na nani. Na kama hapana wa kukujibu, shuka garini mapema, nauli yako ingali mfukoni.