Kabla Uposti Mkebe wa Kimbo, Muulize Mathe

Wasee, leo naanza kwa kukubali kosa.

Mwezi uliopita nilienda ushago Murang'a kumwona shosho. Mvua ilinifungia ndani siku mbili, mtandao ulikuwa wa kubahatisha, nikaingia stoo yake kutafuta kitu cha kurekodi. Mse, hiyo stoo ni makumbusho. Kuna pasi ya makaa, ile ya chuma yenye kajogoo mbele. Kuna koroboi mbili, moja bado ina utambi. Kuna televisheni ya Great Wall, ile ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, na juu yake kitambaa cheupe cha kushonwa kwa mkono utadhani inaenda harusi. Kuna thermos ya maua. Na kuna mikebe ya bati ya Kimbo na Kasuku, imepangwa kama wanajeshi, juu siku hizi mafuta yanauzwa kwa mikebe ya plastiki na hiyo ya bati imebaki kwa watu kama shosho.

Nikarekodi kitu kimoja kimoja. Nikaweka muziki wa huzuni, nikaandika juu: "Kama unajua hizi, ulilelewa vizuri." Nilipofika kwa mkebe mmoja wa Kimbo wenye kifuniko kilichokatwakatwa, nikacheka kwa video nikasema lazima huo nilikuwa nautengenezea gari nikiwa mdogo.

Hiyo video imetazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kutoa. Maoni yalikuwa mengi hadi simu ikapata moto. "Maisha yalikuwa rahisi." "Tulikuwa na raha bila pesa." "Turudishieni utoto wetu." Kuna mmoja wa miaka kumi na saba aliandika ati anakumbuka sana koroboi. Buda, wewe wa juzi, hiyo koroboi ulikutana nayo wapi? Lakini sikumuuliza, juu hata mimi nilikuwa nakula hizo laiki.

Halafu mtu akaitupa kwa kikundi cha WhatsApp cha chama cha mathe.

Mathe hakuniandikia kitu. Alingoja nifike kwake Kayole Jumapili, akanipea chai kwanza, akaniacha nimalize mkate. Ndipo akasema: "Baba, ile video yako. Nani alikwambia tulikuwa na raha?"

Akaanza na pasi. Anasema wewe unaona kajogoo, yeye anaona kutoka nje saa kumi na moja asubuhi na makaa ya moto, anaitingisha hiyo pasi ili ishike, na cheche moja ikirukia shati la shule, shati limekwisha na hakuna lingine. Koroboi? Asubuhi ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Macho yake yalianza kumsumbua akiwa kidato cha pili na hajui kama ni ule moshi au ni ukoo tu, lakini hakuna siku aliikumbuka koroboi kwa upendo. Hiyo Great Wall nayo ilikuwa inakula betri ya gari, na betri ikiisha nguvu mtu anaibeba hadi sentani kuchajiwa. Huyo mtu alikuwa yeye. Ile tulikuwa tunaita "familia nzima kuangalia vitimbi pamoja" kwake ilikuwa mgongo kuuma.

Nikajaribu kujitetea. Nikamwambia watu wanakumbuka tu zile siku nzuri, kwani kuna ubaya gani? Akanijibu: "Wewe ulikuwa mtoto. Mtoto hukumbuka chapati. Mwenye kusukuma hukumbuka mikono."

Nimefikiria hiyo sentensi wiki mbili sasa. Nikarudi kusoma yale maoni na nikaona kitu. Karibu wote tunaosema "tulikuwa na raha" tunaongea kama watoto wa hizo nyumba. Hakuna mama aliandika "nakumbuka pasi ya makaa, ilikuwa fiti". Sisi tunaandika kumbukumbu za kazi ambayo mtu mwingine aliifanya.

Na kuna kitu kingine. Hizi kontenti zetu zinaweka vitu vyote kwa kapu moja, ati "vya zamani", kama vile vyote viliondoka kwa njia moja. Si kweli.

Kuna vitu tuliviacha wenyewe na tukashangilia. Stima ilipofika kwa shosho, baada ya ada ya kuunganishwa kushushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 mwaka wa 2015, hakuna mtu aliiombolezea koroboi. Shosho aliwasha taa mchana, akaizima, akaiwasha tena.

Kuna vitu tulinyang'anywa. Ile Great Wall haikuharibika. Ilikuwa inafanya kazi sawasawa hadi Kenya ilipozima mitambo ya analogi. Kama ulikuwa na akili timamu Februari 2015 unakumbuka: Citizen, NTV na KTN zilipotea hewani karibu wiki tatu wakivutana na serikali, na ziliporudi, bila king'amuzi hukuwa unaona kitu. Mathe hakuwa na pesa ya king'amuzi mwaka huo. Kwetu televisheni iligeuka meza ya kuwekea kitambaa. Kwa video yangu niliiita "kumbukumbu tamu". Mafuta ya taa nayo, Septemba 2018 yaliwekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita, ati watu waache kuyachanganya na dizeli. Mwenye kuchanganya alikuwa na lori. Mwenye kulipa alikuwa mama mwenye stovu ya utambi. Kwa ploti yetu kuna watu walirudi kwa makaa mwezi huo. Hawakurudi juu ya kupenda mambo ya kale.

Halafu kuna vitu havijaenda popote, na hapa ndipo niliona aibu kabisa. Kwa video nilishika ule mkebe wa kilo mbili nikasema, "Wasee, mnakumbuka gorogoro?" Tunakumbuka nini? Toka nje. Nenda soko lolote la mtaa sasa hivi, mahindi na maharagwe bado yanapimwa na gorogoro. Na bado kuna wauzaji wanaogonga kitako cha mkebe kiingie ndani ili upate punje kidogo, na bado kuna akina mama wanaopitisha kidole chini ya mkebe kukagua kabla ya kulipa. Pasi ya makaa bado inauzwa. Kuna mtoto leo usiku anafanya kazi ya shule na koroboi. Mimi na wewe tukisema "enzi hizo", tunamwambia huyo mtoto kwamba maisha yake ni ya zamani na yeye bado yuko ndani.

Najua mtu ataniambia, bro, umekuwa mzito sana, ilikuwa video tu ya sekunde arobaini. Sawa. Na sisemi tuache kukumbuka. Ninajua kwa nini tunapenda hizi video. Wengi wetu tuko na miaka ishirini na kitu, kazi hakuna, keja ni chumba kimoja, mkate na unga zinapanda bei tukiangalia. Ukiona mkebe wa Kimbo unaona wakati ambao mtu mwingine ndiye alikuwa anajua chakula kitatoka wapi. Hiyo ndiyo raha tunakumbuka. Si mkebe. Ni kutolipa.

Na mwenye kulipa alikuwa anaficha bei. Nimejua hivyo juu ya ule mkebe uliokatwa kifuniko.

Mathe aliuacha wa mwisho. Alichukua simu yangu, akarudisha video hadi pale ninacheka, akaisimamisha. "Hapa ulisema ulikuwa unatengeneza gari."

"Si ndiyo?"

"Hiyo ilikuwa kibubu."

Aliupeleka kwa fundi wa jua kali akiuchomelea kifuniko, akatoboa mwanya wa kutosha noti iliyokunjwa. Alianza nikiwa kidato cha kwanza, 2017. Nilimuuliza mbona asiweke kwa simu kama watu wote. Akasema pesa ikiwa kwa simu inasikia kila shida ya jirani na inaitika. Ya mkebe lazima utafute kisu. Mara ya kwanza aliukata Septemba 2019, juu noti za elfu moja za zamani zilikuwa zinaisha thamani mwisho wa mwezi huo. Alibadilisha, akaurudisha kwa fundi, akaanza tena. Mara ya pili aliukata 2022, nilipoitwa chuo. Hiyo mikato yote miwili ndiyo ilikuwa kwa video yangu na sauti yangu ikicheka juu yake.

Wale mnanifuata mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilitushinda, tukahama nyumba ya vyumba viwili tukaingia ya kimoja, na vitu ambavyo havikutoshea vikapelekwa kwa shosho. Kumbe na mkebe. Nimewahi kuwaambia hapa kwamba chuo hakikuwa changu, kwamba nilichagua njia yangu. Nusu ya hiyo ni kweli. Nusu ingine ilikuwa ndani ya mkebe na ikaisha.

Mathe hakulia, hakunilaumu. Alinirudishia simu akasema, "Siku ingine uliza."

Kwa hivyo nimefuta ile video. Nimerekodi nyingine, hii ina sauti yake, anaeleza kitu kimoja kimoja: kilinunuliwa na nani, kilikuwa kazi ya nani, na kiliondoka aje. Haina muziki. Imetazamwa na watu wachache sana, kama robo ya ile ya kwanza. Ni sawa. Kuna mama mmoja aliandika hapo chini kwamba wa kwake ulikuwa wa Kasuku, na mtoto wake hajawahi kujua.

Ombi langu ni dogo. Kabla uposti kitu cha zamani kutoka kwenu, kipeleke kwanza kwa mtu aliyekitumia, si yule aliyekiangalia. Muulize kilimgharimu nini. Pengine atacheka na wewe, na mtapata video kali kuliko ile ulikuwa umepanga. Pengine atanyamaza kidogo. Akinyamaza, weka simu chini.

Sasa niambieni: kwenu kumebaki kitu gani? Na msinitajie jina lake pekee. Nataka kujua ni nani alikuwa anakiosha.