Kumbukumbu za Gavana si Hukumu ya Historia

Wako wasomi waaminio kwamba mtu akitaka kuijua siasa ya dola ya Kiingereza katika Tanganyika, yamtosha kukifungua kitabu cha Sir Donald Cameron, My Tanganyika Service and Some Nigeria, kilichotolewa London mwaka 1939. Cameron alikuwa gavana tangu 1925 hata 1931. Aliyoyaandika aliyatenda mwenyewe. Basi, husemwa, ni nani awezaye kumkanusha? Imani hiyo haina budi kupingwa, na nchi ya kuipingia ni Usukuma, kuanzia Shinyanga hata Geita.

Haki itangulie. Akitupaye kitabu hicho kwa kuwa ni cha mkoloni hujinyima mwenyewe. Zama zile Leo Amery, Waziri wa Makoloni, na walowezi wa Kenya walitaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe. Cameron alikataa, akishika hoja kwamba Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa. Edward Grigg, gavana wa Kenya, alikuwa upande wa pili, naye akatoa kumbukumbu zake mwaka 1955. Avisomaye vitabu hivyo kwa pamoja ataona wazi kuwa dola haikuwa na kauli moja, na kwamba magavana wake walivutana kama wagombea urithi. Lakini wagombea urithi hawaulizwi shamba lililimwa na nani.

Fahari ya Cameron ilikuwa utawala wa kupitia wenyeji, uliosimamishwa kwa sheria ya mwaka 1926. Alidai kuwa anajenga juu ya mila. Katika Usukuma wa kale mtemi alichaguliwa na banang'oma, na mtemi aliyeonekana kuiletea nchi mikosi, hasa mvua ikikatika, aliweza kuondolewa. Chini ya sheria mpya mtemi akawa mtu wa mshahara na kodi, na aliyemwogopa ni Mkuu wa Wilaya. Jina la utemi likabaki. Kamba iliyomfunga mtemi kwa watu wake ikakatika. Mwamba ngoma huvutia kwake: gavana alihesabu jina lililobaki, wala si kamba iliyokatika.

Matunda ya kazi hiyo hayangeweza kuwamo katika kitabu cha 1939. Baada ya vita kuu ya pili, amri za kupunguza ng'ombe na za kulima kwa matuta ziliwafikia Wasukuma kwa vinywa vya watemi wao, na chuki ya amri ikawa chuki ya mtoa amri. TANU ilinyimwa ruhusa katika Usukuma tangu 1954 hata 1958. Mwaka huo wa 1958, serikali ilipolazimisha baraza la rangi zote katika Geita, wananchi walilikataa, wakafunga safari kwenda Mwanza kudai haki yao, na serikali ikarudi nyuma. Mwaka 1963 serikali huru ikaufuta utemi kama chombo cha utawala. Ikiwa jengo lile lilisimama juu ya mila za watu, mbona wenye mila ndio waliolikimbia?

Yumkini atatokea wa kusema kwamba mzee wa Geita naye hujisifu na husahau. Ni kweli, wala hapana asemaye mzee asadikiwe pasipo kupimwa. Katika baraza la haki mdai na mdaiwa husikizwa wote wawili. G. Andrew Maguire, katika kitabu chake cha 1969 juu ya siasa za Usukuma, aliwauliza wenyeji pamoja na kuyasoma majalada, na ndiyo maana kazi yake ina uzito.

Hatari iko hapa. Kitabu cha gavana kimekwisha kufungwa kwa jalada gumu na kuwekwa katika maktaba. Kitakuwapo hata miaka 100 ijayo. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 safari ile ya Mwanza ilipofanyika amevuka miaka 80, naye hangoji. Chuo kinachowafundisha vijana wake kumbukumbu za Cameron bila kuwatuma Geita na Shinyanga na kalamu mkononi hakifundishi historia. Kinamtetea mdaiwa katika kesi ambayo mdai hajaitwa.