Plaiwudi Si Kuni

Katika viwanja vingi vya ujenzi mijini mwetu, zege likisha kukauka, plaiwudi zilizolishika huvunjwa, na vipande vyake wakapewa vibarua na mama lishe kuwa kuni. Mtoaji hudhani ametenda hisani. Sisi twakataa.

Plaiwudi na chipubodi si mti mtupu. Ni mti uliotiwa gundi, na gundi hizo kwa kawaida hutengenezwa kwa fomaldehaidi. Tangu mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeihesabu kuwa ni kitu kiletacho saratani kwa binadamu. Apulizaye moto huo ndiye auvutaye moshi wake kabla ya mwingine yeyote.

Tena, karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Msonobari uliokua Sao Hill miaka mingi, ukichomwa, kaboni yake yarudi hewani kwa saa moja. Ukiwa ubao ukutani, yakaa humo. Italia sehemu kubwa ya chipubodi hutengenezwa kwa mbao kuukuu.

Basi plaiwudi ipakwe mafuta, igeuzwe, ishike zege la jengo la pili na la tatu. Ikichakaa, ikatwe iwe rafu au mlango wa ghala. Chipubodi isiwekwe penye maji, kwani huvimba na kumeguka. Na wakataji wapewe barakoa, maana vumbi lake nalo lina madhara. Jambo hili matawi ya wafanyakazi hayana budi kulidai.

Mwenye kandarasi akitaka kweli kumsaidia mama lishe, na amnunulie mtungi wa gesi.