Kodi ya chumba ilipwe mwezi kwa mwezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu vyumba vya kupanga Dar es Salaam, kwani vijana wengi tunaowafundisha huku vijijini huishia huko.

Magomeni ni mahali panapomfaa mfanyakazi wa kipato cha chini. Barabara za Morogoro na Kawawa zinakutana pale, na tangu Mei 2016 mabasi ya mwendo kasi yanapita kwenda Kivukoni, Gerezani, Kimara na Morocco. Kariakoo mtu hufika hata kwa miguu. Na bado zipo nyumba za Kiswahili, choo na ua vya wote, ambazo kodi yake ya mwezi si ya kutisha.

Kinachowashinda vijana ni kudaiwa kodi ya miezi sita, au ya mwaka, kwa mkupuo. Tuseme chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Atoe 360,000 kabla hajaingiza hata kitanda, na dalali naye anangoja chake. Mshahara wenyewe hulipwa kwa mwezi! Basi anakwenda kupanga Chanika, anaamka saa kumi alfajiri kugombania daladala, na nauli inamaliza kile alichodhani amekiokoa.

Wenye nyumba husema wapangaji hutoroka. Ni kweli wapo. Wachukue kodi ya mwezi mmoja iwe dhamana.

Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Waheshimiwa Wabunge watunge nyingine, hata kama haitapanga bei, ikataze kudai zaidi ya miezi miwili.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kisarawe.